Shajara ya kuandika mchanganuo wa biashara: kinu cha kukamua alizeti, Singida

Shajara hii inahusu kazi ya kuandika mchanganuo wa biashara wa kampuni ndogo ya kukamua mafuta ya alizeti, ambayo watu watatu wa familia moja tunaianzisha mjini Singida. Ninaongeza maelezo kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama zake na makosa yake, ili anayetaka kuanzisha kinu kama hiki apate pa kuanzia. Bei zote ni zile tulizozikuta sisi katika tarehe zilizoandikwa. Anayenakili kazi hii anakili njia ya kuzitafuta; bei zenyewe akazitafute upya kwake.

8 Julai 2024: Wenye kampuni na sura ya kampuni

Tuko watatu: mimi ni mwalimu wa sekondari, mdogo wangu ni fundi mitambo, na shemeji yetu amefanya biashara ya nafaka kwa miaka mingi. Tumekubaliana kuchangia jumla ya shilingi 24,000,000, na kila mmoja ameandika kiasi chake na kutia saini mbele ya wenzake. Mimi nimepewa kuandika, mdogo wangu kutafuta bei za mitambo, na shemeji kufuatilia soko.

Tulishauriwa na watu wawili tusajili asasi isiyo ya kiserikali kwa sababu asasi hupata ruzuku. Tulikataa baada ya mjadala mfupi. Asasi haigawi faida kwa wanachama wake, nasi nia yetu ni faida ya halali inayorudi kwa waliotoa fedha, hivyo chombo kinachotufaa ni kampuni yenye hisa.

Katika wiki hii shemeji amekaa siku tatu nje ya vinu viwili vya jirani akihesabu wakulima wanaoleta alizeti yao kukamuliwa kwa ujira. Foleni ilikuwa ya siku mbili. Hatukujua wakati huo kwamba hesabu hiyo, iliyoandikwa nyuma ya stakabadhi ya mafuta ya pikipiki, ndiyo ingekuja kuubeba mpango wote.

19 Agosti 2024: Rasimu ya kwanza, ya kununua

Mdogo wangu alikwenda kwenye maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya Nzuguni, Dodoma, akarudi na bei za mitambo kutoka kwa wauzaji wanne. Tulichagua kinu cha skrubu kinachokamua takriban kilo 125 kwa saa. Kinu ni shilingi 13,500,000, mashine ya kuchujia 3,200,000, mota na kazi ya umeme wa njia tatu 2,800,000, na mizani 900,000, jumla 20,400,000.

Mchanganuo wenyewe tulimlipa mtu anayejishughulisha na kuandika maandiko ya biashara, kwa shilingi 300,000. Alituletea kurasa 46 zilizojalidiwa vizuri. Kurasa 9 zilieleza jiografia ya Tanzania na umuhimu wa viwanda, na hesabu zote zilikaa katika kurasa 2. Zilisema tutanunua magunia 3,000 kwa mwaka kwa shilingi 48,000 kila moja, kila gunia litatoa lita 22.75 za mafuta, na kila lita itauzwa kwa shilingi 4,200. Mauzo ya mafuta peke yake yalikuwa shilingi 286,650,000, na mkopo ulioombwa ulikuwa 60,000,000. Tulifurahi sana, na hakuna aliyeuliza lita 22.75 zimetoka wapi.

Gharama hadi hapa: andiko 300,000, safari ya Dodoma 64,000, uchapaji 42,000.

11 Septemba 2024: Swali la afisa mikopo

Tulipeleka andiko benki. Afisa mikopo aliruka kurasa zote za mwanzo, akafungua jedwali la mapato na matumizi kwa miezi, akaweka kidole kwenye safu ya Januari. Mwandishi alikuwa amechukua gharama ya alizeti ya mwaka mzima, shilingi 144,000,000, akaigawa kwa 12, na kila mwezi ukabeba 12,000,000.

"Mwalimu," akaniuliza kwa upole, "mwezi Januari mtanunua alizeti kwa nani?"

Nimezaliwa mkoa huu. Januari alizeti ndiyo kwanza inapandwa au inaota. Mavuno huanza mwishoni mwa Mei, na ifikapo Agosti sehemu kubwa imekwisha kutoka mikononi mwa mkulima. Nilijua hayo tangu utoto, na bado nilikuwa nimetia saini karatasi inayosema nitanunua magunia 250 Januari na magunia 250 Februari. Sikuwa na jibu. Aliturudishia andiko akasema tukilirekebisha turudi, naye atalisoma tena.

28 Septemba 2024: Mtiririko wa fedha

Shemeji alitupeleka kwa mzee mmoja jirani yake, mhasibu mstaafu, ambaye alikubali kukaa nasi jioni tatu na akakataa malipo. Baada ya shikamoo na chai aliomba karatasi kubwa ya daftari la hesabu, hakutaka kompyuta, akachora safu 12 akianzia Juni, siyo Januari. "Wanangu, mwaka wenu unaanza siku mnayofungua mkoba kununua alizeti," alisema. Hilo peke yake lilibadili sura ya mpango. Mwaka wa biashara yetu sasa unaanza Juni na kuishia Mei, na majedwali yote yanafuata hivyo.

Tulipoingiza namba zilezile za rasimu ya kwanza katika safu hizo, huku ununuzi wote ukifanyika Juni na Julai, akaunti ilionyesha upungufu wa zaidi ya shilingi 60,000,000 mwishoni mwa Julai, na hapo mtaji wetu wote na mkopo wote wa milioni 60 vilikuwa vimekwisha kuhesabiwa. Jedwali la mwaka lilionyesha faida nono. Jedwali la miezi lilionyesha kampuni isiyoweza kulipa mshahara wa Agosti. Yote mawili yalitokana na namba zilezile. Kwa mtu anayefanya biashara ya zao la msimu, nadhani hakuna jedwali lingine la kuandika kabla ya hili.

Mzee pia alituonyesha gharama zilizosahauliwa: mchango wa mwajiri kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10 ya mshahara, uchakavu wa mitambo, na mlinzi wa ghala. Vilevile, kwa kuwa kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kusajiliwa kwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kilipandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka, rasimu yetu ya kwanza ilituweka juu ya mstari huo bila kutaja VAT hata mara moja.

Kisha akauliza swali lililozaa hatua iliyofuata: "Hizi lita 22.75, mmezipima?"

19 Oktoba 2024: Magunia 10

Hii ndiyo hatua iliyotufundisha zaidi, kwa hiyo naieleza kwa kirefu.

Tulinunua magunia 10 kwa wachuuzi kwa bei ileile ya shilingi 48,000, na kabla ya kuyapakia tukayapima moja baada ya jingine. Rasimu ilisema gunia ni kilo 65. La kwanza lilikuwa na kilo 61, la pili 69, la tano 57. Yote kumi yalikuwa na kilo 631. Mabaya zaidi yalikuwa yale yaliyoonekana mazuri: gunia la kilo 69 lilikuwa la lumbesa, limeongezewa kofia ya kamba juu, na mkulima aliyelijaza hakulipwa hata senti kwa kofia ile. Lumbesa imekatazwa, nasi tumeona kwa macho kwa nini. Tukaamua papo hapo kwamba kampuni yetu itanunua kwa kilo, kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, mbele ya mkulima mwenyewe. Bei ya jaribio iligeuka kuwa karibu shilingi 760 kwa kilo, na hiyo ndiyo namba iliyoingia katika mpango. Najua bei ya Oktoba huwa juu kuliko ya mavuno; tumeiacha makusudi, ili kosa likiwepo lituelemee kwenye karatasi kuliko kutuelemea ghalani.

Vibarua wawili walipepeta. Vijiti, mawe na mbegu pepe vilitoka kilo 27, zikabaki 604. Tukazianika nusu siku juu ya turubai, kisha tukazipeleka kwenye kinu cha jirani aliyeturuhusu kusoma namba za LUKU, mita yake ya umeme wa kulipia kabla, kazi ilipoanza na ilipokwisha. Kinu kikiwa baridi hakitoi kitu cha maana: nusu gunia la kwanza lilipita likatoka mashudu (makapi ya mbegu iliyokamuliwa) mazito, meusi, yenye kung'aa kwa mafuta, na mdogo wangu akalazimika kuyarudisha juu yapite mara ya pili. Baada ya dakika kama 20 chuma kilipata moto, mashudu yakaanza kutoka makavu kama magamba, na mafuta yakaanza kutiririka pembeni, mazito, ya rangi ya asali iliyochafuka.

Tulipata kilo 157 za mafuta ghafi, yaani asilimia 26 ya mbegu safi. Mwandishi wetu alikuwa ameweka asilimia 35. Nilipofuatilia niligundua kwamba asilimia 35 si uongo, ila ni jibu la swali jingine: ni mafuta yaliyomo ndani ya mbegu yakipimwa maabara. Kinu cha skrubu hakiyatoi yote; sehemu hubaki ndani ya mashudu, na ndiyo sababu wafugaji huyapenda.

Tuliyaacha mafuta yatulie siku tatu, tukayachuja. Tope lililotuama chini lilikuwa kilo 11, na mafuta safi kilo 146. Hapo mdogo wangu akaandika katika daftari "lita 146", nami nikaipokea namba hiyo na kuitumia wiki nzima. Ni mzee mhasibu aliyeshtuka: lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa takriban gramu 920, kwa hiyo kilo 146 ni lita 158.7. Tulikuwa tumejipunja lita 12 na zaidi kwa kuchanganya vipimo viwili. Mwandishi naye alikuwa amefanya kosa hilohilo: lita zake 22.75 ni asilimia 35 ya kilo 65, yaani ni kilo alizozipa jina la lita. Tangu siku hiyo kila safu ya jedwali letu ina kipimo chake juu: kg, lita au gunia.

Kwa hesabu sahihi, gunia la kilo 65 linatoa lita 16 na kidogo. Halijazi hata ndoo ya lita 20. Rasimu ya kwanza ilikuwa imeijaza ndoo hiyo na kuimwagisha.

Vipimo vingine vilivyoingia katika mpango ni mashudu kilo 431, na umeme uniti 46 kwa shehena yote. Gharama za jaribio: alizeti 480,000, ujira wa kukamua 50,000, usafiri 25,000, vibarua 20,000, madumu 28,000, jumla 603,000. Tuliuza ndoo 7 za lita 20 kwa 75,000 kila moja na mashudu kwa 350 kwa kilo, tukapata 675,850. Jaribio lilijilipa na kubakiza 72,850, na lita 18 za sampuli. Lita 5 kati ya hizo tulimpelekea mzee, nazo hakuzikataa.

9 Novemba 2024: Bei, kutoka kwenye daftari za wauza duka

Shilingi 4,200 kwa lita ilikuwa bei ya rejareja, ilhali sisi tutawauzia wenye maduka kwa ndoo. Shemeji aliwaendea wauza duka watatu anaowafahamu. Aliwaomba wafungue daftari zao, maana bei ya kukumbuka kichwani huwa ni ile ya mwezi uliopita tu. Mmoja wao, mama anayeuza karibu na stendi, alikuwa ameandika kila ndoo aliyonunua tangu Mei 2023. Katika daftari lake ndoo ya lita 20 ilikuwa 66,000 wakati wa mavuno, alizeti inapokuwa imejaa kila kona, na 84,000 Januari, vinu vingi vinapokuwa vimesimama kwa kukosa mbegu.

Tofauti hiyo ya 18,000 kwa ndoo ndiyo faida ya mwenye uwezo wa kuweka alizeti ghalani. Vilevile ndiyo mtego wake, kwa sababu anayekopa ili aweke ghalani hulipa riba kila mwezi anaosubiri. Katika mpango tumeweka wastani wa 78,000 kwa ndoo, yaani 3,900 kwa lita, tukidhani theluthi ya mafuta itauzwa mapema na yanayobaki baada ya Oktoba.

Mama yule alitueleza jambo jingine ambalo halikuwemo katika kurasa 46. Wateja wake hawarudishi mafuta kwa sababu ya bei. Huyarudisha yanapotoa povu sufuriani au yanapotuama tope chini ya chupa. Kwa ajili hiyo siku tatu za kutuliza mafuta zimeandikwa katika mpango kama hatua ya uzalishaji, zikiwa na matangi yake na nafasi yake.

14 Desemba 2024: Rasimu ya tatu, yenye miguu miwili

Rasimu ya pili ilidumu siku nne tu. Iliweka magunia 1,200 ya kununua kwa vipimo vipya, na baada ya riba na uchakavu haikubakiza kitu. Nilikaa na karatasi hiyo nikiwa nimevunjika moyo, maana ilikuwa ya kweli na ilikuwa inakataa. Ni shemeji aliyeitoa ile stakabadhi ya Julai yenye hesabu ya foleni, akauliza kwa nini tunang'ang'ania alizeti ya kununua wakati watu wanalala nje ya vinu wakitafuta wa kuwakamulia.

Kukamulia wateja kwa ujira wa 5,000 kwa gunia hakuhitaji mtaji wa kununua mbegu. Umeme wake, kwa vipimo vya LUKU, ni karibu 1,700 kwa gunia. Kutokana na foleni ile tumekadiria magunia 20 kwa siku kwa siku 100 za msimu, yaani 2,000, ambayo ni saa 10 na kidogo za kinu kila siku. Alizeti yetu wenyewe, magunia 600, itakaa ghalani na kukamuliwa msimu wa wateja ukipungua.

Namba za mwaka wa kwanza zikawa hivi. Mafuta lita 9,800 kwa 3,900 ni 38,220,000. Mashudu kilo 26,600 kwa 350 ni 9,310,000. Ujira ni 10,000,000. Jumla ya mapato ni 57,530,000. Upande wa matumizi, alizeti ni 29,640,000, umeme 4,400,000, madumu 1,500,000, mishahara ya watu wawili pamoja na mchango wa NSSF 5,280,000, vibarua na mlinzi wa msimu 1,500,000, pango 2,400,000, matengenezo na vipuri 2,600,000, usafiri 1,200,000, vibali na uhasibu 1,500,000. Ziada ni 7,510,000 kabla ya riba, uchakavu na kodi. Ni ndogo mno ikilinganishwa na ndoto ya Agosti, ila kila namba ndani yake ina mahali ilipopimwa, na safu ya mwisho ya jedwali inataja mahali hapo: mizani, LUKU, daftari la duka, au stakabadhi.

Mkopo tunaoomba sasa ni 25,000,000, wa kununulia alizeti peke yake. Mitambo tunainunua kwa fedha zetu. Kurasa zimebaki 14.

25 Januari 2025: Usajili, na jina lisilokuwepo tena

Usajili wa kampuni BRELA, wakala wa Serikali wa kusajili biashara, ulifanyika kwa mtandao, na kwa kuwa wote tulikuwa na namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) na TIN (mlipakodi) haukutusumbua. Ninachokumbusha ni kimoja: ada ya usajili hupanda kwa madaraja kadiri mtaji wa hisa unavyokuwa mkubwa. Mwandishi alikuwa ametuandikia mtaji wa milioni 100 ili kampuni ionekane nzito. Tuliupunguza hadi 24,000,000, kiasi tulichonacho kweli.

Wakati wa kukagua sehemu ya vibali nilikuta andiko letu linasema tutapata kibali cha jengo la chakula kutoka TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Mamlaka hiyo ilikoma kushughulikia chakula mwaka 2019, kazi hiyo ikahamia TBS, shirika la viwango, na mamlaka yenyewe ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Maana yake sehemu hiyo ilinakiliwa kutoka andiko la zamani, na maafisa wote waliopokea nakala zetu walikuwa wakisoma jina la mamlaka lisilotumika tena. Tumeirekebisha. Tumekwenda pia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuomba utambulisho, kwa kuwa TBS ina utaratibu wa kuwahudumia wajasiriamali wadogo wanaopitia SIDO. Kila andiko lililonunuliwa, msomaji alikague kwa kuuliza taasisi zake bado zipo na bado zinafanya kazi iliyotajwa.

15 Machi 2025: Sehemu ya hatari

Katika rasimu ya kwanza hatari zilikuwa mistari minne, na kila mmoja uliishia na neno "tutalidhibiti". Safari hii nimeandika hatari moja kwa namba, kwa sababu ndiyo inayoweza kutuangusha.

Nchi yetu bado inaagiza mafuta mengi ya kula kutoka nje, hasa mawese ya Malaysia na Indonesia, na ushuru wake hubadilika katika bajeti ya Serikali inayosomwa Juni, mwezi uleule tunaonunua alizeti. Mwaka 2023 wakulima wa alizeti waliangukiwa na bei, na mkoani kwetu wapo waliorudi kwenye mazao mengine. Nimeuliza: tukinunua kwa 760 kisha mafuta yakashuka hadi 3,300 kwa lita na kubaki huko mwaka mzima? Mapato yanapungua kwa 5,880,000, ziada inabaki 1,630,000, na riba tuliyokadiria, karibu 2,100,000, inaizidi. Tunapata hasara.

Mdogo wangu alitaka ukurasa huo uondolewe, akihofu benki itatukimbia. Tulibishana, na ukabaki, ukiwa na masharti tuliyojiwekea: nusu ya alizeti itanunuliwa kabla ya hotuba ya bajeti na nusu baada yake, na bei ya ndoo ikiwa chini ya 68,000 hatutanunua hiyo nusu ya pili bali tutaongeza saa za kuwakamulia wateja.

24 Aprili 2025: Majibu ya benki

Afisa mikopo yuleyule alisoma kurasa zote 14, na alikaa muda mrefu zaidi kwenye ukurasa wa hatari. Kikwazo kilitokea kwenye dhamana. Nyumba ya shemeji tuliyoiandika haina hati miliki, ina leseni ya makazi, na thamani iliyokubaliwa kwa nyumba hiyo ilikuwa ndogo kuliko tulivyodhani. Mkopo ulioidhinishwa ni 18,000,000, riba asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye salio, marejesho kuanzia Septemba badala ya mwezi unaofuata. Sharti hilo la Septemba tulilipata kwa sababu jedwali la miezi lilionyesha wazi fedha zinaanza kurudi lini.

Tumepunguza magunia ya kununua hadi 420 na kufanya hesabu upya. Ziada imekuwa 3,250,000. Ukitoa riba ya 1,500,000 na uchakavu wa 2,040,000, mwaka wa kwanza unaonyesha hasara ya karibu 290,000 vitabuni, ingawa fedha taslimu hazikauki mwezi wowote. Magunia 200 zaidi ya wateja yangefuta hasara hiyo, na tulivutwa sana kuandika 2,200 mahali pa 2,000. Hatukuandika, kwa sababu foleni aliyoihesabu shemeji haikutupa 2,200. Badala yake tumeingiza azimio la wanahisa kwamba mwaka wa kwanza hakuna gawio, na sote watatu tumetia saini.

2 Juni 2025: Mstari wa kwanza

Mizani iko mlangoni, ina muhuri wa Wakala wa Vipimo, na ubao wa bei umeandikwa kwa kilo. Leo asubuhi mkulima kutoka upande wa Ilongero alileta magunia 11. Alikuwa amezoea kuuza kwa gunia, akasimama akitazama sahani ya mizani kila gunia lilipopandishwa, akirudia namba kwa sauti baada ya mdogo wangu kuzisoma. Jumla ilikuwa kilo 702.

Bei tuliyokubaliana ni 790 kwa kilo, shilingi 30 juu ya mpango. Ikibaki hivyo kwa magunia yote 420, ziada itapungua kwa takriban 819,000. Nimeiandika katika safu ya "halisi" pembeni ya safu ya "mpango", na jioni hii tunakaa watatu kuamua kama tunaendelea kununua wiki hii au tunasubiri bajeti.